Magazini ya Ombui

Asubuhi ya tatu baada ya Ombui kuzikwa, gari la polisi lilisimama nje ya boma lake pale Ogwedhi, kwenye mpaka wa Trans Mara, na sajini akashuka na karatasi mkononi. Alikuja kuchukua bunduki. Ombui alikuwa polisi wa akiba kwa miaka kumi na minne, na bunduki ya polisi wa akiba ni mali ya serikali. Mwenyewe akifa, haigawanywi pamoja na ng'ombe na mashamba.

Onyancha, mdogo wake, ndiye aliyeitoa chumbani. Aliibeba kwa mikono miwili kama mtu anayehamisha mtoto aliyelala. Ilikuwa bunduki ya zamani, ile ambayo watu wa mpakani huiita Maki Foo, mti wake mwekundu kwa mafuta na jasho la viganja, na kwenye chuma imechorwa 1943. Haina haraka. Kila risasi unaiingiza mwenyewe kwa kuvuta bolti, yaani komeo lake la chuma, nyuma na kuisukuma mbele, na ukitaka nyingine unavuta tena.

"Bunduki moja," sajini akasema, akiandika. "Risasi kumi. Magazini moja."

Magazini ni kile kisanduku cha chuma kinachokaa chini ya bunduki na kubeba risasi. Onyancha aliitia sahihi ile karatasi bila kuinua macho, kwa sababu alijua jambo ambalo sajini hakulijua. Nyumba ile ilikuwa na magazini mbili.

Moja ilizaliwa na bunduki. Nyingine Ombui aliipata zamani kutoka kwa mwenzake ambaye bunduki yake ilivunjika mti na kurudishwa. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Lakini bunduki hizi zilitengenezwa wakati ambao fundi alikaa na tupa mkononi akiisugua kila magazini mpaka ikubaliane na bunduki yake, na ya jirani haikubali. Ile ya pili ilikuwa imelika pale inaponaswa na kishikio, ikawa inakaa chini kidogo, unene wa ukucha tu. Unene huo ulitosha. Bolti ilipokwenda mbele, ilipita juu ya risasi badala ya kuisukuma. Ndugu hao wawili waliwahi kuijaribu siku moja nyuma ya nyumba, wakacheka, Ombui akasema bunduki imekataa uji wa mama wa kambo. Kisha wakaitupa ndani ya mkebe wa mafuta ya Kimbo pamoja na misumari.

Hiyo ya mkebe ndiyo Onyancha aliyompa sajini. Ile ya kweli aliifunga kwa kitambaa na kuiweka chini kabisa ya sanduku lake la vifaa. Alijiambia ni kumbukumbu ya kaka. Tena alijiambia ni ya muda tu, kwa kuwa bunduki ile haikuwa na mahali pengine pa kwenda ila kwake, na siku itakaporudi atairudishia magazini yake, na hakuna atakayejua.

Nani angemlaumu kwa kutumaini hivyo? Onyancha alikuja Ogwedhi akiwa na miaka kumi na saba, nyuma ya Ombui, wakitoka kwao Kisii ambako shamba lilikuwa limegawanywa mpaka likabaki kama kitanda. Shule aliachia kidato cha pili. Akajifunza kuchomelea vyuma, akawa fundi wa plau na wilibaro, na siku za soko la mifugo watu walimletea vyuma vya kuchomea ng'ombe alama awanyooshee. Kila Ijumaa kabla ya jua kutua alikaa na kaka yake barazani, wakaifungua bunduki, wakaisafisha ili Sabato iingie mikono ikiwa haina kazi. Ombui alishika kitambaa, Onyancha alishika mafuta. Hakuna msumari wala springi ya bunduki ile ambayo hakuijua. Walipokwenda kupima shabaha, yeye ndiye aliyeinama kuokota maganda, kwa maana kila ganda lazima lirudi kituoni. Miaka kumi na minne aliokota maganda ya risasi ambazo hakuzipiga yeye.

Basi baraza lilipoitwa kwa chifu kumtaja atakayekabidhiwa bunduki, akavaa shati la Sabato siku ya Jumatano.

"Wazee wamependekeza," chifu akasoma, "na kamati ya usalama imekubali. Dishon."

Dishon! Mume wa Nyakerario, dada yao. Mtu wa Kosele, upande wa Homa Bay, aliyekuja Ogwedhi kununua mitamba akabaki na mke. Mpole, mnene wa mashavu, mcheshi, mtu wa kuogopa hata bata. Watu walipiga makofi. Onyancha naye alipiga makofi, na viganja vyake vilisikika vikavu masikioni mwake kama vibao.

Tangu siku hiyo kila kitu cha Dishon kilimchoma. Koti la kijani la Ombui, ambalo Bathsheba, mjane, alimpa Dishon kwa mikono yake mwenyewe, lilimbana tumboni, na Onyancha alihesabu vifungo visivyofika. Watoto sokoni walimwita afande. Mama mzazi, ambaye kwa miaka yote alimwita Dishon "yule mgeni", sasa alimwekea kiti kivulini. Onyancha alipokuwa akichomelea, aliwasikia wateja wakisema, "Sasa mpaka uko na mtu," na chuma kikatoboka mikononi mwake. Alimwomba Mungu amwondolee moyo ule. Aliomba kwa haraka, kama mtu anayebisha hodi huku akitumaini hakuna mtu nyumbani.

Jumatano iliyofuata Dishon akaja karakana, bunduki begani, jasho usoni.

"Yuora," akasema. Ndivyo Waluo wanavyomwita shemeji, na Dishon hakumwita Onyancha jina lingine. "Yuora, huyu mzee wenu ananikataa."

"Mzee gani?"

"Huyu." Akailaza bunduki juu ya meza. "Ya kwanza nikiiweka na mkono inaingia. Ya pili, nikisukuma bolti, hakuna kitu. Inapita tu. Wakati mwingine risasi inainua kichwa inakabwa pale mlangoni. Jumapili sajini anatupima, na siku ya soko naanza lindo kule mpakani. Nikimpigia adui moja, ya pili nimpigie makofi?"

Mtu mwingine angecheka. Onyancha alifuta mikono polepole.

"Umeisafisha?"

"Mpaka Nyakerario amelalamika nimemaliza mafuta ya kupikia."

"Mafuta ya kupikia!" Hapo Onyancha alisahau wivu kwa sababu alikuwa fundi kwanza. "Hayo yanaganda, Dishon. Unaitilia bunduki mafuta ya chapati?"

Akatoa risasi tano za mazoezi ambazo Ombui alizitoboa na kuzimwaga baruti, akaanza kumwonyesha. Kwanza unatazama kama kuna uchafu. Kisha unabonyeza sahani ya juu ya magazini uone kama springi inairudisha kwa nguvu. Kisha unatazama midomo ya magazini, kama imepanuka risasi itaruka, kama imebana risasi haitatoka.

"Sasa nionyeshe unavyozijaza."

Dishon akazibonyeza moja baada ya nyingine. Onyancha akatikisa kichwa.

"Tazama kitako. Hizi si kama risasi za bunduki mpya. Kitako kina ukingo uliotokeza, kama mdomo wa sahani. Ukingo wa risasi ya juu lazima ukae mbele ya ule wa chini. Ukikaa nyuma yake, bolti ikisukuma ya juu, inamnasa wa chini, wote wawili wanagoma. Kila unayoweka, iteleze mbele ya mwenzake. Tumia kidole gumba. Hivi."

Kidole gumba cha Ombui. Hivyo hasa ndivyo kaka alivyokitumia, akikisukuma na kukiinua kidogo mwishoni. Onyancha akauona mkono wake mwenyewe ukifanya hivyo, akaurudisha haraka mfukoni.

Dishon akajaribu, ulimi nje. Alizipanga sawasawa. Akasukuma bolti. Bolti ikapita juu, kavu, bila kugusa kitu.

"Bado," akasema, na macho yake yakamwendea Onyancha kwa imani ambayo ilikuwa ngumu kuitazama.

Onyancha aliweka kiganja chini ya magazini kama anayeipima uzito, akaisukuma juu kidogo. "Jaribu sasa." Risasi ikaingia, laini, mlio ule wa kuteleza na kufunga alioujua tangu ujana. Akaondoa kiganja. Ikakataa.

"Eh! Umefanya nini?" Dishon akauliza.

Hapo palikuwa na nafasi. Sanduku la vifaa lilikuwa hatua tatu kutoka alipokuwa. Lakini Onyancha aliliona lile koti la kijani likiwa limefunguka tumboni, akafikiri: Jumapili. Akishindwa Jumapili mbele ya sajini, wataitoa kwake. Watauliza ni nani anayeijua bunduki hii.

"Ni uzee," akasema. "Nenda uizoeze."

Dishon akamshukuru. Akaondoka akifanya kidole gumba chake hivi na hivi hewani, akijifunza.

Ijumaa mchana Onyancha alikwenda kwa Bathsheba kurekebisha bawaba ya mlango. Bathsheba alikuwa bado hajatoka sana nje, akitengeneza maharagwe ya Sabato mapema, na alipoona shemeji yake anagonga msumari kama anayemwadhibu mtu, akaweka ungo chini.

"Onyancha. Una nini na Dishon?"

"Sina kitu."

"Una. Hata mlango umejua."

Yakamtoka yote kwa mkupuo. "Miaka kumi na minne, Bathsheba! Nimeisafisha mimi. Anakuja mtu wa juzi, anaitilia mafuta ya chapati, anapewa. Wazee wale hawana macho?"

"Si wazee." Bathsheba akafuta mikono kwenye leso. "Ni Ombui. Kabla hajalazwa, alimwita chifu hapa hapa, akamtajia Dishon. Akaniambia nisikuambie mpaka moyo wako upoe. Naona haupoi."

Nyundo ikabaki hewani.

"Unakumbuka fahali wetu walipoibiwa?" akaendelea. "Ulinyakua bunduki ukutani ukataka kuvuka mpaka peke yako. Ombui alikuangusha chini, mpaka ukamng'oa kifungo. Hakusahau. Alisema, Dishon akisikia mlio atalala chini aite wenzake, kama anavyotakiwa. Onyancha atakimbia mbele. Akasema mama atazika mmoja, hatazika wawili."

Mtu angefikiri maneno hayo yangemtuliza. Yalimchoma zaidi. Kumbe hata kaka! Hata katika pumzi zake za mwisho kaka alimwazia Dishon jambo jema, na yeye akaachiwa mafuta na maganda. Onyancha alimaliza bawaba, akakataa chai, akaenda zake. Njiani alilia, na hakujua kama alikuwa anamlilia Ombui au anajililia.

Sabato ile ilikuwa ya Meza ya Bwana, inayokuja mara moja kila robo ya mwaka. Wasomaji walio Wasabato wanajua, na wasiojua nawaeleza: kabla ya mkate na juisi ya zabibu, waumini hutawadhana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili, beseni na taulo. Na kama una neno na mwenzako, hapo ndipo unapolimaliza.

Onyancha alimtafuta mzee mmoja kiziwi wa Suna aliyekuwa mgeni. Lakini Dishon alikuwa amekwisha kuchukua beseni, anakuja nalo, maji yakimwagika.

"Yuora, mimi na wewe."

Dishon akapiga magoti kwanza, kwa shida, akapumua. Akamwosha miguu, hata katikati ya vidole ambako vumbi la chuma halitoki. "Yuora," akasema chini chini, "najua bunduki ulistahili wewe. Mimi sikuiomba. Kusema kweli naiogopa. Kama nimekukosea, nisamehe."

"Hakuna kitu," Onyancha akasema.

Kisha zamu ikageuka. Akapiga magoti mbele ya miguu ya Dishon, miguu mipana ya mtu wa kando ya shamba, kisigino kimepasuka. Aliichukua mkononi. Maneno aliyopaswa kuyasema yalikuwa mafupi, hata mtoto wa darasa la Sabato anayajua. Yakakwama. Alisukuma, yakapita bila kugusa kitu. Akakausha miguu ile, akainuka, wakakumbatiana kama desturi ilivyo, na chini ya koti alisikia moyo wa Dishon ukidunda bila wasiwasi wowote.

Wakarudi ndani. Wakaimba. Sahani ya mkate ikaanza kupita benchi kwa benchi. Ilipofika kwa Onyancha, mkono wake haukuinuka. Aliipokea, akampa aliye kando yake, na vile vikombe vidogo vilipokuja akafanya vivyo hivyo. Ogwedhi si mji mkubwa. Mama alimwona. Nyakerario alimwona kutoka upande wa wanawake, akainamisha kichwa. Mtu anaweza kulidanganya baraza la chifu na kumdanganya sajini mwenye karatasi. Onyancha alikuwa na mengi mabaya siku hiyo, lakini hakuweza kula mkate ule na uongo mdomoni, na sisi tuliompenda tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Alikaa nje ya karakana yake iliyofungwa mchana wote. Alikuwa na ufunguo mfukoni na hakuutumia, kwa maana siku ya Sabato tupa haishikwi. Akalingoja jua. Lilishuka upande wa Suna taratibu, na lilipozama akasoma sala ya kufunga Sabato peke yake, akafungua mlango, akatoa kile kitambaa chini ya sanduku.

Kwa Dishon walikuwa wanapakua ugali. Onyancha hakukaa.

"Leta bunduki."

Dishon akaileta. Onyancha akabonyeza kishikio, akachomoa magazini ya mkebe, akaweka ile nyingine. Iliingia na mlio mdogo wa kukubali. Akapanga risasi tano zilizotobolewa, moja mbele ya nyingine. Akavuta, akasukuma. Ikameza. Akavuta tena, ikatema, ikameza. Zote tano, na mikono yake ikiwa mbali na chini ya magazini.

"Mungu wangu," Dishon akasema. "Umeinunua wapi?"

"Ni yake. Niliificha mimi. Siku sajini alipokuja, nilimpa mbovu. Na Jumatano, ulipokuja, nilijua. Nilitaka ushindwe."

Mwiko wa ugali ulianguka. Nyakerario alikuja mbele yake, mfupi, akimfikia kifuani.

"Ulitaka nini?" akauliza. "Sema tena nisikie. Ulitaka mume wangu asimame mpakani na fimbo? Ulitaka nikae na Bathsheba tuvae nguo moja?"

"Hapana, dada. Nilifikiri Jumapili tu. Sikufika mbali kiasi hicho."

"Ombui alijua hufiki mbali! Ndiyo maana!"

Dishon aliitazama bunduki, akamtazama Onyancha.

"Siku tatu nimekaa na hii kitu," akasema mwishowe, "nikidhani ni mimi mjinga. Nimepanga ukingo mbele ya ukingo mpaka gumba limevimba." Akaliinua, na kweli lilikuwa limevimba. "Sitasema haijaniuma, yuora. Imeniuma. Lakini umeileta na miguu yako kabla ya Jumapili." Akavuta kiti kwa mguu. "Kaa. Ugali unapoa. Kesho utakuja na mimi, wewe mwenyewe umwambie sajini kuhusu magazini ya pili. Mimi sijui kudanganya, nacheka."

Jumapili, uwanjani nyuma ya kilima, Onyancha alimpa sajini ile magazini mbovu na kueleza, jasho likimtiririka. Sajini alimkaripia mbele ya watu, akamwambia angeweza kumfungulia kesi, na akaandika jina lake kwenye kitabu. Tangu siku hiyo Onyancha anajua kwamba bunduki haitakuwa yake kamwe, wala ile wala nyingine.

Dishon akalala chini juu ya gunia. Akajaza tano za kweli, gumba likisukuma na kuinuka kidogo mwishoni. Onyancha alilitazama gumba lile, na wivu ukampanda tena, moto ule ule, kwa maana lilikuwa gumba la Ombui kabisa na lilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Ila sasa alijua ni nani aliyelipeleka huko. Ni yeye mwenyewe, siku ile karakana.

Zililia tano. Hakuna iliyokabwa. Mbili tu ndizo zilizogusa ubao, na Dishon alifumba macho kila mara.

Maganda yalikuwa yametawanyika kwenye nyasi. Dishon hakujua kazi hiyo. Alisimama akijipangusa tumbo, akicheka na wenzake kwa kupona. Onyancha akainama. Aliyaokota moja moja, bado yana moto, akayahesabu mpaka tano, akaenda kuyaweka mkononi mwa shemeji yake.

"Hayo yanarudi kituoni," akamwambia. "Usiyapoteze."